Namna ya Kuutambua Mti wa Mswaki katika Nchi Kame

Neno mswaki lilitujia kutoka Kiarabu, na tangu mwanzo lilitaja kazi, si mti: ni kile kinachosugulia meno. Ndiyo maana mtoto wa Mombasa au Dodoma akilisikia leo hufikiria kijiti cha plastiki kilichonunuliwa dukani, mfugaji wa Kimasai anaweza kuwa anamaanisha kijiti cha olkinyei, na mtu wa bara hukata tawi la mti wowote mkavu aliouzoea akaliita kwa jina hilohilo. Mwongozo huu unahusu mti mmoja tu kati ya yote hiyo, kichaka cha kijani kibichi kinachoota katika majangwa na nyika kame za Kenya, Tanzania, Somalia, Bara Arabu na kwingineko hadi India. Wanabotania hukiita Salvadora persica, Waturkana hukiita esekon, Wasomali cadey, na Waarabu, wakiwamo majirani wa Waswahili wanaoishi Omani, hukiita araki. Jina la kisayansi lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Sehemu yake ya kwanza ni kumbukumbu ya Juan Salvador, mwuza dawa wa Barcelona aliyefariki mwaka 1681, na ya pili yataja Uajemi.

Kwa kuwa jina hutangatanga, anayeutafuta mti huu hawezi kutegemea kuuliza tu, "Mswaki uko wapi?" Ataonyeshwa mti, naam, lakini huenda si huu. Na kosa hapa lina uzito, kwa sababu watu huutafuta mswaki ili wautie kinywani: huchua meno kwa vijiti vyake na kula matunda yake, ilhali upo mti wa sumu kali ambao, kwa jicho lisilozoea, una majani na matunda yanayoshabihiana nao. Wengi nimewaona wakianza utambuzi kwa kutafuna jani. Mimi nashikilia utaratibu ulio kinyume cha huo: ardhi isomwe kwanza, kisha umbo, kisha jani na tawi kwa mikono, na ulimi uwe wa mwisho kabisa, tena pale tu ambapo alama nyingine zote zimekubaliana.

Vifaa vinavyohitajika

Beba rula fupi, kisu kidogo chenye makali, kioo cha kukuzia kama unacho, daftari na penseli, magazeti ya zamani ya kukaushia sampuli, na simu ya kupiga picha na kurekodi mahali ulipo. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Toka asubuhi mapema, maana kufikia adhuhuri jua huyafanya majani yote yaonekane ya rangi moja, na wewe mwenyewe utakuwa umechoka kiasi cha kukubali jibu lolote.

Hatua ya kwanza: isome ardhi

Mswaki huishi katika nchi kame kwa kutegemea maji yaliyo chini ya ardhi, na jambo hili moja ndilo litakalokuokolea muda mwingi zaidi. Mji wa Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka kwa siku chache tu. Hata hivyo, esekon kando ya mto Turkwel hubaki na majani ya kijani mwezi baada ya mwezi, wakati vichaka vya tambarare vimebaki fito tupu. Siri yake iko kwenye mizizi, ambayo hufuata unyevu uliofichika chini ya mchanga muda mrefu baada ya mto kukauka. Kwa hiyo swali la kwanza si "Kichaka hiki kina majani gani?" bali "Je, mahali hapa panaweza kuwa na maji chini?"

Tafuta kingo za mito ya msimu, ile ambayo kaskazini mwa Kenya huitwa laga, na mabonde ambayo hufurika mara moja kwa mwaka kisha yakakauka. Tafuta pembezoni mwa maziwa, kando ya visima na madimbwi ya kunyweshea mifugo, mahali ambapo mikondo ya mvua hukutana, na hata juu ya vichuguu vikuu vya mchwa, ambavyo udongo wake hutofautiana na wa tambarare inayovizunguka. Omani, mahali pa kuanzia ni kwenye mabonde makavu yanayoitwa wadi na katika nyanda za karibu na bahari.

Alama ya pili ya ardhi ni chumvi. Mswaki huvumilia chumvi na magadi kwa kiwango ambacho huua miti mingi, hivyo penye weupe uliogandamana juu ya udongo kama unga uliomwagika, usigeuke ukaenda kwingine. Ukingoni mwa jangwa la Chalbi katika Kaunti ya Marsabit, ambalo lilikuwa ziwa zama za kale, na kandokando ya maziwa ya Turkana, Magadi, Natron na Manyara, hii ni mojawapo ya miti michache inayostawi karibu na udongo wa namna hiyo. Pwani nako huonekana nyuma ya mikoko, pale ambapo maji ya bamvua hufika kwa nadra lakini chumvi imekwisha kuuingia udongo. Kwa upande wa mwinuko, huota kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,800 hivi, ingawa makao yake hasa yako chini zaidi ya hapo. Ziwa Turkana, kwa mfano, liko takriban mita 360 tu juu ya usawa wa bahari.

Tazama pia majirani zake. Kando ya mito ya Turkana utaukuta pamoja na mgunga mkubwa wenye mwavuli, ambao wenyeji huuita ewoi, na pamoja na mikoma yenye shina linalogawanyika kama manati. Kwenye udongo wa magadi jirani yake wa kawaida ni kichaka cha majani membamba yaliyovimba maji, chenye jina la kisayansi Suaeda monoica, ambacho kwa mbali huonekana kama ukungu wa kijani kilichofifia. Penye ewoi na mkoma, au penye Suaeda na weupe wa chumvi, endelea kutafuta. Ukiwa juu ya kilima cha mawe, mbali na mkondo wowote wa maji, na mbele yako kuna kichaka chenye majani ya kung'aa, simama na uwe na mashaka.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nilijifunza kwa gharama. Katika safari yangu ya kwanza kando ya Turkwel nilimaliza asubuhi nzima kwenye tambarare ya changarawe, nikichuma jani la kila kichaka kilichokuwa kijani na kulitafuna, na nikarudi kambini na ulimi uliowaka pamoja na daftari lisilokuwa na jina hata moja la uhakika. Esekon ulikuwa umejaa ukingoni mwa mto, mita mia chache kutoka pale nilipokuwa nikihangaika, na kila mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi alijua hivyo.

Hatua ya pili: tazama umbo ukiwa mbali

Kabla hujakaribia, simama umbali wa hatua kama thelathini. Mswaki mara nyingi ni kichaka kikubwa kilichofungamana, kipana kuliko urefu wake, chenye matawi mengi yanayoinama na kuning'inia hadi kugusa ardhi, mithili ya kibanda cha makuti kisicho na mlango. Unaweza kukua ukawa mti mdogo wa mita 6 au 7, wenye shina lililopinda ambalo kwa kawaida halizidi kipenyo cha sentimita 30, na pengine huegemea na kutambaa juu ya miti mingine iliyo karibu. Rangi yake ni ya kijani kilichochangamka, chenye umanjano kidogo, na katikati ya kijivu cha nyika wakati wa kiangazi rangi hiyo huonekana kutoka mbali.

Penye upepo mkali na mchanga mwingi, mashina yake huuzuia mchanga ukarundikana, na mti ukaendelea kukua juu ya rundo hilo, hata baada ya miaka ukaonekana kama kilima kidogo kilichovikwa majani. Vilima vya namna hii vikiwa vimetawanyika juu ya tambarare ya mchanga karibu na maji ni dalili nzuri, ingawa mimea mingine nayo hufanya hivyo.

Chunguza pia sehemu ya chini ya kichaka. Ngamia, mbuzi na tembo hupenda majani haya, kwa hiyo penye mifugo mingi utaona majani yamekatwa kwa usawa mmoja, kana kwamba mtu ameyapunguza kwa mkasi kwenye kimo ambacho shingo ya mnyama hufika.

Hatua ya tatu: shika jani, na kwanza uangalie lilivyopangwa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chagua kitawi kilichokomaa, unene wake kama wa penseli, kutoka upande unaopata jua, na uache machipukizi laini ya ncha kwa kuwa hayajapata umbo lake. Kishikilie na ufuate mafundo yake moja baada ya jingine. Katika mswaki, kila fundo hutoa majani mawili yanayokabiliana, moja kushoto na jingine kulia. Na jozi inayofuata hugeuka, ikakaa mbele na nyuma, hata ukikitazama kitawi kutoka kwenye ncha yake utaona majani yamepanga msalaba. Angalia mafundo matano au sita, si moja, kwa sababu mbuzi huenda amekula jani moja la jozi na kukuachia picha ya majani yanayopishana. Penye jani lililoliwa au lililoanguka kutakuwa na kovu dogo. Lihesabu kama jani.

Ikiwa majani yanapishana kweli, yaani fundo hili lina jani moja upande mmoja na linalofuata lina moja upande wa pili, huo si mswaki, na unaweza kuuacha hapohapo bila kuendelea. Kigezo hiki peke yake huondoa sehemu kubwa ya vichaka vya kijani vya nyika kame.

Sasa lipime jani. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 3 na 7, na umbo lake huanzia yai lililorefuka hadi karibu duara. Kikonyo ni kifupi, hakifiki zaidi ya sentimita 1 hivi. Ukingo ni laini, hauna meno wala mawimbi. Ncha yaweza kuwa ya mviringo au iliyochongoka kidogo, na mara kwa mara humalizika kwa kinukta kigumu unachoweza kukihisi kwa kidole. Pande zote mbili za jani zina kijani kinachokaribiana, na mishipa ya pembeni haijitokezi sana. Libonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: lina unene na ubaridi wa jani lililohifadhi maji, si ukavu wa ngozi. Likunje mara mbili, litavunjika na kuacha unyevu mkononi.

Usitarajie majani ya miti miwili kufanana kabisa. Mti unaoota kwenye chumvi nyingi aghalabu huwa na majani madogo na manene zaidi, na ule ulio kivulini kando ya mto huwa na majani mapana yasiyo manene sana. Mingi haina vinyweleo, lakini ipo yenye vinyweleo vifupi juu ya majani na vitawi, nayo ni miswaki halisi vilevile. Mpangilio wa majani, ukingo usio na meno na unene wenye maji haubadiliki. Hayo ndiyo ya kushikilia.

Hatua ya nne: gome, miiba na utomvu

Matawi machanga ni ya kijani kilichopauka au meupemeupe, na gome la shina kuukuu ni la kijivu, lina mikwaruzo na nyufa. Pitisha mkono taratibu kwenye kitawi. Mswaki hauna mwiba hata mmoja, wala kwenye fundo, wala kwenye ncha, wala kwenye shina.

Kisha kata kikonyo cha jani moja kwa kisu, ukate na ncha ya kitawi, usubiri kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kinachotoka kwenye mswaki ni unyevu mwepesi usio na rangi. Kikitoka kitone cheupe kama maziwa, acha kazi papo hapo, futa kisu, nawa mikono na usiguse macho. Usiendelee kuulinganisha mti huo kwa harufu wala kwa ladha, hata kama sifa nyingine zote zinaonekana kuafikiana. Kuhusu sharti hili sikubali msamaha wowote, na sababu yake utaisoma mbele kidogo.

Hatua ya tano: maua na matunda, yakiwapo

Maua ni madogo mno, yana milimita chache tu, na rangi yake ni ya kijani kilichochanganyika na weupe au umanjano. Hukaa kwa wingi kwenye vishada vilivyolegea, vyenye urefu wa hadi sentimita 10, vinavyotoka kwenye kwapa za majani na kwenye ncha za vitawi. Kwa kioo cha kukuzia utahesabu petali nne zilizopinda nyuma na stameni nne. Hayavutii macho, na wengi hupita chini yake bila kujua kwamba mti unachanua.

Matunda ndiyo yanayokumbukwa. Ni ya mviringo, yana kipenyo cha milimita 5 hadi 10, na hukaa kwenye vishada vyepesi kama shanga zilizotungwa ovyo. Huanza yakiwa ya kijani, kisha hugeuka waridi, nyekundu, na kwenye baadhi ya miti zambarau iliyokoza, na yakiiva nyama yake hupitisha mwanga hata kivuli cha mbegu kikaonekana ndani. Lipasue moja: utakuta mbegu moja tu. Chini ya tunda, pale linaposhikana na kikonyo, kimebaki kikombe kidogo cha sepali zilizokauka. Waturkana huyala, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huyala pia, na ndege huyawahi kabla ya wote, ndiyo sababu mara nyingi utakuta vishada vitupu na mbegu zimetapakaa chini.

Hatua ya sita: harufu, na mwishowe ulimi

Ukiwa umekwisha kuona ardhi yenye dalili za maji au chumvi, umbo la kuning'inia, majani yanayokabiliana kwa msalaba, ukingo laini, kitawi kisicho na miiba na mkato usiotoa maziwa, unaweza sasa kuponda jani kati ya viganja na kulinusa. Harufu ni kali, ya haradali au figili, nayo hupanda puani. Haikuwapo jani lilipokuwa zima, kwa sababu kemikali yenye ukali huo, iitwayo benzili isothiosayaneti, hufanyika pale seli zinapopondwa na viini vyake vilivyokuwa vimetenganishwa vikakutana. Kibotania mswaki umo katika oda moja, yaani kundi moja la familia zenye ukoo, na haradali na kabichi, kwa hiyo kufanana huko kwa harufu ni kwa ukoo.

Kama bado unataka kuonja, tafuna kipande cha jani kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kisha ukiteme. Ukali wake huwasha ulimi kwa muda mfupi na kuacha kinywa kikiwa kimechangamka. Lakini usiupe ukali huo uzito kuliko unavyostahili. Azima, binamu wa mswaki mwenye miiba, ana kemikali za jamii hiyohiyo, na vichaka vya Boscia na Cadaba vinavyoota kila mahali katika nyika kavu navyo ni vya oda hiyo. Mtu anayetambua kwa ulimi pekee anaweza kukosea mara tatu kwa siku moja na kila mara ulimi ukamwambia kwamba yuko sawa.

Mimea inayochanganywa na mswaki

Wa hatari kuliko wote ni mti wa sumu ya mishale, Acokanthera schimperi, ambao Wamasai huuita olmorijoi na Wakamba huuita kivai. Nao ni kichaka au mti mdogo wa kijani daima, majani yake hukabiliana, ukingo wake hauna meno, hauna miiba, na matunda yake ya duara hupita kwenye wekundu kabla ya kuwa zambarau. Utaona mwenyewe jinsi mtu mwenye haraka anavyoweza kupotea. Tofauti zake ni hizi: olmorijoi hutoa utomvu mweupe kama maziwa unapokatwa, majani yake ni magumu kama ngozi, yanang'aa upande wa juu, na yana ncha kali, maua yake ni meupe yenye waridi, yana harufu nzuri, na hujibana kwenye kwapa za majani badala ya kulegea katika vishada virefu, na makao yake ni miteremko ya mawe na kingo za misitu mikavu, kwa kawaida juu zaidi ya nyanda za chumvi. Sumu yake hushambulia moyo, na kwa vizazi vingi imetumiwa kuua wanyama wakubwa. Ndiyo sababu ya lile sharti la kisu kabla ya ulimi.

Mmea mwingine wenye maziwa na majani yanayokabiliana ni Calotropis procera, unaoota kwenye mchanga uliochoshwa, kando ya barabara na karibu na mazizi. Huu ni rahisi kuuondoa: majani yake ni makubwa kama kiganja au zaidi, yana unga wa nta, hayana kikonyo cha maana, na tunda lake ni puto la kijani lenye nyuzi za hariri ndani. Maziwa yake hudhuru macho.

Azima tetracantha ndiyo inayowasumbua hata wenye uzoefu, kwa kuwa ni wa familia moja na mswaki, hukaa kwenye udongo uleule wa chumvi na kando ya mito ileile, na majani yake hukabiliana. Tazama fundo. Azima ina miiba iliyonyooka, mara nyingi minne kwenye kila fundo, na matunda yake ni meupe, si waridi wala mekundu.

Wa tatu katika familia hiyo ni Dobera glabra, uitwao edapal kwa Kiturkana na garas kwa Kisomali. Hauna miiba na majani yake hukabiliana, lakini ni mti zaidi kuliko kichaka, una shina lililosimama na taji lililojaa, na majani yake ni mazito, makavu na magumu kama ngozi ya kiatu. Ukilikunja hukatika bila kuloanisha mkono. Tunda lake ni refu, karibu sentimita 2, na mbegu zake huchemshwa kwa muda mrefu na kuliwa nyakati za njaa. Ikiwa huna maua wala matunda, basi kimo, shina na ukavu wa jani ndivyo vitakavyokuamulia.

Boscia coriacea, ambao Waturkana huuita edung, na Cadaba farinosa huondoka mara moja kwa kigezo cha majani yanayopishana. Cadaba zaidi ya hapo ina unga wa kijivu juu ya majani, na maganda yake marefu hupasuka na kufunua ndani nyekundu ya machungwa. Mathenge, ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 na sasa umezagaa kando ya mito mingi ya nchi kame, haufanani na mswaki hata kidogo, kwani una miiba mikali na majani yaliyogawanyika kuwa vijani vidogovidogo. Nautaja kwa sababu umeziba kingo zilezile ambazo mswaki huota, na pengine utalazimika kutafuta esekon ndani ya kichaka cha mathenge, ukiwa umevaa viatu vigumu.

Kuthibitisha na kuchukua sampuli

Uliza wenyeji, lakini uliza baada ya kuandika uamuzi wako mwenyewe, na uulize kwa jina la mahali hapo. Mbele ya kichaka kilekile, mwambie mama au mzee aliye karibu, "Shikamoo, mti huu mnauitaje?" badala ya "Je, huu ni mswaki?" Swali la pili hujibiwa "ndiyo" kwa adabu tu. Uliza pia unatumika kwa nini na matunda yake yana rangi gani, kisha ulinganishe na ulichoandika.

Kabla ya kukata chochote katika Turkana, fahamu kwamba miti ya kando ya mito si ya kila mpita njia. Upo utaratibu wa jadi uitwao ekwar, ambao kwao familia fulani ina haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo, hasa wakati wa kiangazi. Omba ruhusa. Ukiruhusiwa, kata kitawi cha pembeni kwa kisu, mkato mmoja safi; usichimbe mizizi. Najua kwamba vijiti vya mzizi husifiwa kwa ulaini wa nyuzi zake, lakini mti uliochimbwa mizizi penye maji machache haupati nafasi ya pili, na tawi la unene wa kidole husafisha meno vizuri.

Kwa sampuli ya kuthibitishwa, kata kitawi cha urefu wa sentimita 30 hivi chenye majani, na maua au matunda ikiwezekana. Kilaze kati ya kurasa za gazeti, geuza jani moja ili upande wake wa chini uonekane, weka uzito juu, na ubadilishe magazeti kila siku, kwa maana majani haya yenye maji huoza haraka yakiachwa kwenye karatasi yenye unyevu. Matunda yaweke kwenye bahasha yake peke yake. Sampuli hiyo unaweza kuipeleka kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kwa Tanzania Hebaria ya Taifa iko Arusha.

Kwenye daftari andika tarehe, mahali, mwinuko, aina ya udongo, umbali kutoka kwenye mkondo wa maji, miti jirani, kimo cha mti, jina la wenyeji na lugha yake. Rangi ya matunda na harufu ya jani lililopondwa ziandike palepale ungali chini ya mti, kwa sababu baada ya wiki moja kwenye magazeti matunda yatakuwa meusi na harufu itakuwa imekwisha.